Titi limevimba na lina moto ila ndani hakuna goroli wala donge, inaweza kuwa kansa?

binti_kirumba

Habari zenu wakubwa kwa wadogo, naombeni mnisome mpaka mwisho mana leo siku ya tatu sijalala vizuri.

Nina dada yangu ana miaka 39, anauza dagaa pale mwaloni Kirumba, mtoto wake wa mwisho ana miaka minne kwahiyo kunyonyesha alishaacha zamani. Kama wiki sita zilizopita aliniambia titi la kushoto linawasha na limekuwa zito, nikamwambia labda siku zako zinakaribia. Siku zikaja zikapita titi likabaki vilevile, afu likaanza kuwa la moto, yaani ukiweka kiganja unasikia joto tofauti kabisa na la kulia. Rangi nayo ikabadilika, dada ni mweusi kwahiyo sio ule wekundu wa kwenye picha, ni kama zambarau iliyoiva hivi inang'aa. Akaenda zahanati wakasema jipu linaanza, akapewa antibayotiki za siku saba akamaliza, akarudi akapewa zingine kali za siku kumi pamoja na sindano za masaa, nazo kamaliza juzi. Hakuna kilichopungua, limeongezeka. Homa hana, usaha hakuna, tena haliumi sana kama jipu linavyoumaga.

Sasa kilichonifanya niandike hapa ni Jumapili, nilikuwa namfunga nguo nikaona alama ya sidiria. Aliivua saa kumi jioni, mpaka saa mbili usiku ule mstari bado umezama kwenye nyama kama uzi uliofungwa kwenye unga uliokandwa. Na ngozi ya chini imekuwa na vitundu vitundu kama kuku ukishamnyonyoa manyoya. Chuchu yenyewe imeanza kuingia ndani, zamani haikuwa hivyo.

Nikimtajia kansa anakataa kabisa, anasema "kansa ni goroli, kila mwaka kwenye redio wanatuambia tujipapase tutafute goroli, mimi nimejipapasa sina goroli". Na kweli hata mimi nimepapasa sijaona goroli, titi lote tu limekuwa gumu. Shangazi yetu wa Magu anasema hilo ziwa limetupiwa kitu na mtu wa biashara, anataka ampeleke akachanjwe chale. Zahanati wao wanasema Ijumaa arudi walipasue jipu. Yeye mwenyewe anasema tumuache giza hili liishe kwanza, mana mnajua mambo ya dagaa, hizi siku za giza ndo mitumbwi inaleta mzigo, mwezi ukikua wavuvi wanapumzika na yeye ndo atapumzika aende hospitali.

Naulizeni jamani, kuna kansa ya titi isiyo na goroli? Au nawatia watu hofu bure?

mzee_wa_nyegezi

Pole sana mwanangu. Mke wangu alipata kitu kama hicho 2019, titi likawa la moto na gumu, akapewa antibayotiki wiki moja likaisha kabisa. Ila yeye alikuwa ananyonyesha, mtoto ana miezi miwili. Usimtishe dada yako, muombeeni na mumalizie dawa.

nesi_kanda_ya_ziwa

Binti, naomba Ijumaa ASIPASULIWE. Naandika kwa haraka niko zamu ila hili siwezi kulipita.

Kwanza jibu la swali lako ni ndiyo, ipo kansa ya titi isiyo na goroli. Ni ya nadra, kwa takwimu za Marekani ni kati ya 1 na 5 katika kila wagonjwa 100 wa kansa ya titi, na ndo mana hata sisi wahudumu wa chini wengi tunaisoma chuoni mara moja afu mtu anakaa miaka hajaiona. Wataalam wanaiita saratani ya titi ya uchochezi kwa sababu inajifanya kama titi lenye maambukizi, linavimba, linakuwa la moto, linabadilika rangi. Siwezi kusema dada yako anayo, hilo hakuna mtu wa kulisema kupitia simu. Ila ulivyoeleza ni kama umekaa na kitabu mbele yako.

Nikueleze kinachotokea ili uweze kumueleza na yeye. Chini ya ngozi ya titi kuna mifereji midogo midogo sana inayorudisha maji ya mwili kupitia tezi za kwapani. Kansa hii seli zake hazikai pamoja zikafanya donge, zinatambaa kama mkeka uliotandikwa, zinaingia kwenye ile mifereji na kuiziba. Maji yakikosa pa kupita yanabaki kwenye ngozi, ngozi inavimba, inakuwa nzito, ukiibonyeza au ukibana na sidiria alama inakaa. Vile vitundu ulivyoona ni vinyweleo, ngozi imevimba ila pale kinyweleo kilipo imeshikwa kwa chini, kwahiyo panabaki shimo. Sisi tumefundishwa kuita ganda la chungwa, wewe umesema kuku aliyenyonyolewa, ni kitu hichohicho. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu unajificha, unaona zambarau au kahawia iliyokolea au hata unaona tu titi moja linang'aa kuliko lingine, na hapo ndo wengi wanapotupotea.

Mzee wa Nyegezi namheshimu sana na alichosema ni kweli kabisa kwa mke wake. Mama anayenyonyesha maziwa yanaganda, bakteria wanaingia, anapata homa, anapewa dawa na ndani ya siku chache anaona nafuu. Ndo hapo pa kutofautisha. Mtu hanyonyeshi, hana homa, hana usaha, kamaliza antibayotiki siku saba mpaka kumi na titi halijarudi, huyo haongezewi dozi nyingine wala hapasuliwi, huyo anatakiwa kukatwa kinyama kipimwe. Dada yako kashakula dozi MBILI.

Na kitu kingine, hii kansa ina mbio. Hizi za kawaida zinaweza kuchukua miaka mpaka mtu azione, hii inabadilisha titi ndani ya wiki au miezi michache, hata madaktari moja ya vigezo vyao ni kwamba dalili zianze ndani ya miezi sita na rangi ichukue angalau theluthi ya titi. Kwahiyo giza lisisubiriwe. Najua nini maana ya kukosa giza moja kwa mtu wa dagaa, mama yangu mzazi alikuwa anaanika dagaa Igombe na ndo zilizonisomesha, ila nakuomba.

Mwambie aombe barua ya rufaa hapohapo zahanati kesho. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wana idara ya saratani na mionzi ipo hapohapo mlimani, sio kama zamani mtu wa kanda hii lazima apande basi mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar. Wakifika waseme hivi hivi, titi limevimba wiki sita, dozi mbili za antibayotiki hazijasaidia, hanyonyeshi. Yaandikeni kwenye karatasi mana mtu akifika pale mbele ya dokta anasahau.

mama_nansio

Mdogo wangu mimi nimelia kusoma hii. Sio kansa hiyohiyo niliyopata mimi ila ni ndugu yake katika kudanganya.

Mimi niko Ukerewe, ni mwalimu. Yangu ilianzia kwenye chuchu ya kulia, kidogo tu, kama ukurutu. Inawasha usiku, asubuhi inatoa kimaji kinakauka kinakuwa gamba. Kila asubuhi nilikuwa nabandua sidiria taratibu mana ule ugaga umeshikana na kitambaa, nikibandua panabaki tone moja la damu dogo kama kichwa cha pini. Tone moja tu. Nani anaenda hospitali kwa tone moja la damu, nauli ya meli mpaka Mwanza na siku nzima imeisha. Nikapaka krimu ya fangasi ya duka la dawa, nikapaka ile ya upele, ile ya upele ilinipa nafuu wiki mbili nikajua nimepona, ikarudi. Nikabadilisha sabuni. Nikapaka samli. Miezi minane jamani, na mimi ni mtu niliyesoma.

Goroli sikuwa nalo hata mimi. Aliyenistua ni daktari mmoja kijana alikuja kutoa huduma ya siku moja, nilienda kwa ajili ya macho, nikamtajia tu na hilo mlangoni nikiwa naondoka. Akanirudisha ndani. Akaniuliza maswali mawili ambayo sijayasahau, kilianzia kwenye chuchu yenyewe au pembeni kwenye ule weusi? Na titi la pili linawasha? Nikamwambia kimeanzia kwenye chuchu kikatambaa kwenda nje, na la pili zima kabisa. Akaniambia ukurutu wa kawaida mara nyingi unaanzia pembeni na unashika pande zote mbili, chuchu inaweza kubaki salama. Hii inayoanzia kwenye chuchu upande mmoja na haisikii krimu lazima ikatwe kinyama.

Kinyama kilirudi na jina la Paget. Nikaambiwa ni jina la daktari wa Uingereza, James Paget, aliyewaeleza wagonjwa wa namna hii mwaka 1874, aliona kina mama wenye kidonda cha chuchu kisichopona na baadae kansa ikatokea ndani ya titi. Miaka yote hiyo inajulikana na mimi napaka samli. Na kweli waliponipiga mamografia (ile eksirei ya titi) na ultrasaundi wakakuta ndani kuna kansa ndogo ambayo mkono usingeigusa, kumbe wengi wenye Paget wanakuwa nayo ndani, ile ya juu ni kama moshi tu.

Nilitolewa titi. Nikapata na dripu za dawa ya kansa. Mwaka wa tano huu niko darasani nafundisha. Mwambie dada yako aache kutafuta goroli, aangalie kama titi la leo ni lile la mwaka jana.

binti_kirumba

Asanteni mno, dada nimemsomea yote ya nesi na ya mama Nansio, ya mama amenifanya nirudie mara mbili. Amenyamaza kimya muda mrefu afu akauliza maswali ambayo nami sina majibu. La kwanza anasema amesikia kansa ikiguswa na kisu inasambaa, jirani yetu walimkata kinyama na miezi mitatu akafa, kwahiyo kinyama hataki. La pili, wakikuta ndo yenyewe, si ni bora watoe titi siku hiyohiyo yaishe? Shangazi bado yuko hapa na maneno yake.

nesi_kanda_ya_ziwa

Hilo la kisu tunaulizwa kila siku wala asione aibu. Kinyama hakisambazi kansa. Jirani yenu inawezekana kansa ilikuwa imeshasambaa kabla, watu wanakuja wamechelewa, kinyama kinakatwa mwezi huu mgonjwa anafariki mwezi ule, lawama inaenda kwenye sindano. Kwa hali kama ya dada yako wanachoma ganzi, wanaingiza sindano nene kidogo wakiangalia kwenye ultrasaundi wanatoa vipande vyembamba kama mti wa kiberiti, na mara nyingi wanachukua na kipande kidogo cha ngozi kwa sababu ugonjwa wenyewe uko kwenye mifereji ya ngozi. Watapima pia kama seli zinalishwa na homoni na kama zina HER2 nyingi (ni protini inayosukuma seli za kansa zikue), hiyo inaamua dawa, kwahiyo wakisema majibu yanasubiri kipimo kingine msikasirike, ni muhimu.

Akipigwa mamografia ikasema hakuna donge, msirudi nyumbani mkishangilia. Hii kansa mamografia inaweza kuonyesha tu ngozi imekuwa nene na titi zima jeupe.

Swali la pili ni zuri sana na jibu lake ni hapana, wasianze kukata. Kansa hii ikithibitishwa inaanza kemo, yaani zile dripu za dawa ya kansa, titi linapungua uvimbe, ngozi inatulia, ndo wanatoa titi lote na tezi za kwapani, afu mionzi. Kemo, upasuaji, mionzi, kwa mpangilio huo. Ukianza na kisu unakata kwenye ngozi ambayo tayari ina seli, inarudi kwenye kovu. Ndo mana nilipiga kelele kuhusu Ijumaa. Jipu lisilo na usaha ukilipasua, kama ni kansa, unabaki na kidonda kisichofunga na kemo inabidi isubiri. Chale hivyohivyo shangazi anisamehe, sina ugomvi na imani ya mtu, amuombee, amshike mkono, ila hiyo ngozi isiguswe na wembe.

Na niwaambie mapema ili wasipate mshtuko pale dirishani, hii ikithibitishwa hata siku ya kwanza inahesabiwa hatua ya tatu kati ya nne, kwa sababu imeshashika ngozi. Haimaanishi kwamba dada alizembea. Wapo pia, karibu theluthi, wanaokutwa imeshaenda mbali, ndo mana watapima kifua, ini na mifupa. Hatua ya tatu bado inatibiwa kwa nia ya kuponyesha, hilo mlishike.

kaka_wa_sengerema

Naongezea la dada yangu ili watu waone matiti yana mambo mengi. Yeye goroli alikuwa nalo, tena lilikuwa linakimbia. Mwezi wa tatu lilikuwa kama limau, mwezi wa saba kama papai, sidanganyi, ngozi imevutika inang'aa mishipa inaonekana kama ramani ya mito. Kijijini wote tukajua ameisha, tukauza ng'ombe wawili, tukavuka na kivuko pale Busisi (daraja lilikuwa bado halijaisha) sote tunalia.

Majibu ya kinyama yakasema filodi. Dokta akatueleza jina linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jani, ukikata uvimbe ndani umejipanga kama majani. Akasema nyingi ya hizi sio kansa pamoja na ukubwa wake, chache ndo mbaya, na mara nyingi haziendi kwapani kama kansa za kawaida. Ila ana tabia moja, ukimtoa yeye peke yake bila kuchukua nyama nzima kumzunguka kama sentimita moja anarudi palepale. Dada alitolewa, na dripu hakuhitaji. Mwaka jana kaolewa.

Nimeandika hivi binti kwa sababu sisi tulikaa miezi minne tukiogopa jina, na jina lenyewe tulilokuwa tunaliogopa halikuwepo. Nendeni mkajue ni nini.

mzee_wa_nyegezi

Nesi umenisahihisha na nimekubali, nisingejua ningempoteza huyu binti. Na nyie wanaume wenzangu mnaosoma hii mkiona ni mambo ya kina mama, rafiki yangu tuliyevua naye sangara miaka ishirini alikuwa na chuchu imeingia ndani na kidonda pembeni, tukawa tunamwambia ni kamba ya nyavu imemchubua. Ilikuwa kansa ya titi. Kwa wanaume ni kama mmoja kwa kila wagonjwa mia, lakini huyo mmoja nilimzika mimi.

Binti, kama ni nauli au kuna siku anatakiwa kupelekwa mapema asubuhi, nina bajaji, niandikie pembeni.

binti_kirumba

Wapendwa nimerudi, ni siku ya tisa toka niandike.

Zahanati walisumbua kidogo kutoa rufaa, wakasema tungesubiri jipu liive, nikawaonyesha karatasi niliyoandika kama nesi alivyosema, yule dada wa mapokezi akaisoma akaenda kumuita mkubwa wake, mkubwa akaisoma naye akaandika rufaa bila neno. Mzee wa Nyegezi alikuja saa kumi na moja alfajiri, hakutaka hela, Mungu ambariki.

Hospitali dokta mwanamke alimfungua nguo, hakushika hata kwa dakika moja, akamuita mwenzake wakaangalia wote. Akabonyeza kwa kidole gumba na kusubiri, shimo likabaki. Akamuuliza dada umri na lini alinyonyesha mwisho. Afu akavuta kiti akakaa, akamwambia mama, hili sio jipu, nataka kuchukua kinyama leo leo. Dada akaniangalia mimi. Nikadhani atakataa. Akasema chukueni.

Alichomwa ganzi anasema ile sauti ya sindano ndo iliyomuogopesha, inalia pah kama stepla, maumivu hamna. Wakachukua na ngozi kipande kidogo kama punje ya mchele. Kifua kapigwa picha na tumbo ultrasaundi, majibu yote tumeambiwa turudi Jumatano ijayo. Bima hana, tumeonana na ustawi wa jamii wameanza kumfungulia faili.

Dokta hajasema neno kansa mpaka majibu yatoke ila ametuambia tujiandae kwa safari ndefu, na akaandika tuonane na idara ya saratani siku hiyohiyo ya majibu tusipoteze wiki nyingine.

Biashara yake naishikilia mimi kwa giza hili, magunia nimepokea kumi na mawili jana. Shangazi kabaki. Wembe kauficha, anampikia uji wa ulezi asubuhi na jioni na ndo anayeamka usiku kumgeuza.

Ninaomba tu kuuliza mama Nansio, wewe siku ya majibu ulienda na nani? Dada anataka kwenda peke yake na mimi sitaki.

mama_nansio

Nilienda peke yangu na nilikosea. Dokta aliongea kama dakika ishirini, nilichosikia ni neno moja la kwanza, mengine yote yaliniacha, ilibidi nivuke tena ziwa wiki iliyofuata kwenda kuuliza upya nilichoambiwa.

Nenda naye. Kaa upande wake, wewe ndo uwe na kalamu. Jumatano mimi nina kliniki yangu ya marudio, nashuka na meli Jumanne jioni nalala kwa mdogo wangu Igoma. Nitakuwa pale kwenye mabenchi ya nje kuanzia saa moja asubuhi, nimevaa kilemba cha kijani.

binti_kirumba

Nimemwambia. Amesema kilemba cha kijani ataking'amua, na kwamba anakuletea dagaa wa kukaanga.